Yai la Asubuhi

"Ni yai tu, Mwanakheri! Mgonjwa ameshapigwa ganzi."

"Limepasuka, mama. Na sheria uliiweka wewe."

Kweli, Daktari Barke ndiye aliyeiweka: kabla ya kuinua utando ulio juu ya taya ili kuongeza mfupa wa kushikilia jino bandia, toboa kwanza ganda la yai bila kuchana ngozi yake ya ndani; likipasuka, humgusi mgonjwa. Sasa ute ulimchuruzika kwenye vidole vinavyotetemeka. Yai la binti yake lilikuwa limetobolewa, ngozi nzima. Miaka yote Barke aliyakagua mayai ya mwanawe, asisifu hata moja.

Alimkabidhi Mwanakheri keekee ya kutobolea mfupa.

"Polepole, mwanangu."

Akavaa glavu mpya, akaketi kwenye kiti cha msaidizi, akaushika mrija wa kufyonza mate kwa mikono miwili.