Tatu Shavuni

Kila kasha la bluberi, vitunda vya buluu, pale shambani liliandikwa: huimarisha macho. Na nyumbani, mume wa mchumaji mmoja alikuwa akipapasa meza kutafuta kikombe kilicho mbele yake.

Mifuko hupekuliwa langoni. Ndiyo maana mama huyo alificha bluberi tatu shavuni, nzima, bila kuzigusa kwa jino.

Msimamizi, wa rika la kitindamimba wa mama huyo, alikuwa akikagua ndimi za wachumaji. Mwenye ulimi wa buluu, kesho asije.

“Shikamoo, mama,” akasema kwa adabu zote.

Mama akaitikia kwa kichwa. Msimamizi akasubiri. Foleni nzima ikasubiri, maana salamu haiachwi ikining'inia.

“Mara...” mama akaanza, na moja ikapasuka.