Sindano ya Punda

Daktari alidondosha matone ya kupima mzio mkononi mwa Mwanasiti, akachoma ngozi palipo na kila tone, wakangoja. Mahali pamoja tu pakavimba kama kitumbua.

"Ni punda, mama. Manyoya yake ndiyo yanayokutoa kamasi usiku kucha. Muuze."

Shemeji yake, Mshamu, akatabasamu. Mnunuzi aliyemleta alikuwa nje tayari, ameshika kamba ya huyo punda aliyekuwa akimbebea Mwanasiti maji ya kuuza.

"Hakuna dawa?"

"Zipo sindano, kila wiki, miaka mitatu. Ndani yake ni uleule uchafu wa manyoya, kidogo kidogo, mpaka mwili uuzoee."

"Nidunge."

"Shemeji, una wazimu? Uteseke kwa ajili ya punda?"

Mwanasiti akapandisha mkono wa gauni hadi begani. "Wewe unanikera tangu niolewe, Mshamu, na sijakuuza."

Akadungwa, akakalishwa nusu saa asije akazidiwa na dawa. Alipotoka, bega likimwasha, aliipokonya kamba mikononi mwa mnunuzi bila hata salamu. Akamkumbatia punda shingoni, akazika uso kwenye manyoya, akavuta pumzi ndefu.

Wote uani wakamkodolea macho, wakingojea chafya.