Kanda za Muhula Uliopita

"WEKA KANDA YA MWISHO WA MUHULA," kioo cha kompyuta kiliandika kwa mara nyingine.

"Subiri kidogo," mtunza kanda akakijibu kwa adabu, kana kwamba anaongea na mama mkwe wake.

Nyuma yake alisimama Mkuu wa Chuo, suruali ameikunja mpaka magotini. Bomba la darini lilikuwa limepasuka na kuiogesha ile mashine kubwa iliyobeba alama za wanafunzi wote. Mashine mpya ilishafungwa, programu ya nakala ilishawashwa. Kilichobaki ni kuilisha kanda, alama zirudi. Kanda za kila siku zilikuwa kwenye rafu palepale, zinachuruzika maji kama nguo zilizoanikwa bila kukamuliwa.

"Na zile za mwisho wa muhula?" Mkuu akauliza.

"Zipo nyumbani kwangu, mzee. Kanuni inataka nakala moja ilale mbali na chuo, ili balaa kama hili likitokea..."

"Kazilete! Mahafali ni kesho kutwa. Pasipo alama hakuna vyeti, na pasipo vyeti wewe huna kazi."

Mtunza kanda akampigia mkewe.

"Kile kikasha cheusi?" mke akasema. "Mbona nilikipeleka kwa mama zamani! Si ulisema hakitaki joto, hakitaki vumbi, hakitaki sumaku, hakitaki kuguswa na watoto? Na watoto wako hawa, ningekiweka wapi, kichwani?"

Mkuu akachukua funguo za gari lake. "Twende wote. Nikikuachia peke yako utagawa na viatu ulivyovaa."

Njia nzima alikuwa anasema. "Watu gani nyie? Unampa mtu kitu cha maana, naye anamkabidhi mwenzake bila hata kumwambia ndani kuna nini. Na huyo mwenzake anapokea tu, kimya! Mtu mzima, unapokea mzigo usioujua? Mimi mtu wa namna hiyo nisingempa hata mbuzi anishikie kamba."

"Kweli mzee," mtunza kanda akaitikia, akitazama nje.

Kwa mama mkwe, Mkuu ndiye aliyetangulia kuingia. Akakalia kiti kizuri chenye mto, akaletewa maji, akamaliza glasi mbili na kumweleza mwenye nyumba maana ya uwajibikaji. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkwewe.

"Mwanangu, kikasha chako nilikitunza mimi! Nilikifuta kwa kitambaa kikavu, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, halafu nikakivika kipande cha pazia langu la buluu na kukishona pande zote, mshono mdogomdogo, vumbi lisipate pa kupenya. Hata mimi ningetaka kukifungua ningeomba wembe. Lakini tazama dari yangu." Wote wakatazama juu. "Inavuja. Nikaona nimpe mdogo wangu. Nikamwambia, hiki ni kitu cha watu, usikifungue wala usikilalie."

Mkuu alishainuka. "Anakaa wapi huyo?"

"Nyuma ya kiwanda cha magodoro. Nyumba yenye geti la kijani."

Mkuu akakaa tena. Akaomba glasi ya tatu.

Safari hii hakusema neno. Aliendesha polepole kama aliyepakia trei za mayai. Mtunza kanda alikuwa anajiandaa kumwelekeza, akakuta Mkuu ameshakata kona kwenye duka la rangi na kulikwepa shimo ambalo maji yalikuwa yamelifunika kabisa. Alipolifikia lile geti la kijani akapita kidogo, akaegesha nyuma ya lori bovu lililokosa magurudumu.

"Shuka wewe. Mguu wangu umekufa ganzi."

"Lakini mzee, mbona jasho linakutoka hivyo?"

"Si ndiyo huo mguu!" Akashusha kioo cha dirisha apate hewa, halafu akajishusha na yeye, mpaka ikabaki kofia tu.

Mama mdogo alifungua geti kabla halijagongwa. Alivaa gauni la kutokea, nywele zimesukwa juzijuzi, na tabasamu alilokuja nalo lilipungua nusu alipoona ni mkwe.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mkwe. Karibu. Nimesikia mlio wa gari, nikadhani mgeni mwingine."

Mtunza kanda akamweleza yote: bomba, alama, mahafali, na Mkuu aliyeapa kumfukuza. Mama mdogo akacheka, akampigapiga begani.

"Toa wasiwasi. Kikasha chako kimelala pazuri kuliko mimi. Nina rafiki yangu, mtu mzima, aliyefiwa na mkewe. Chumbani kwake ana sefu ya chuma. Nikamwambia, kama kweli unanipenda, nitunzie hiki na usiniulize ni nini. Akakipokea kwa mikono miwili! Kila akienda kulala anakitoa, anakitazama, anakirudisha."

"Ni nani huyo, mama mdogo? Nimfuate sasa hivi."

"Hataki nimtaje. Anasema kazini kwake wanamwogopa, wakisikia mambo haya wataota pembe." Akatoa simu kwenye mkoba, akabonyeza, akaweka sauti kubwa. "Ngoja nimwambie akuletee."

Simu haikuita sana.

"Niko kwenye kikao, mpenzi," sauti ya chini ikanong'ona.

Mtunza kanda hakukosa hata neno moja, kwa sababu sauti hiyo ilimjia masikio yote mawili: sikio la kulia kutoka kwenye simu ya mama mdogo, na la kushoto kutoka nyuma ya lori bovu.