Raba za Zamzam

Mwenda pole naye hujikwaa, hasa akiburuta mabuti mazito kama matofali. Siku ya sita ya safari yao ya miguu, soli ya raba nyepesi za Zamzam ilibanduka katika mji wa mwisho kabla ya mlima. Desturi ya kundi ilijulikana: kiatu kikikuharibikia, unawaomba wenzako radhi, kisha unarudi kwa gari.

"Mwanangu, si nilikwambia hizo ni raba za kuchezea rede?" Mzee Kitwana, kiongozi wao, alimcheka. "Haya, omba radhi upande gari."

Zamzam aliifunga soli kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akaukaza kwa meno, akasimama.

"Shikamoo nakupa kila asubuhi, mzee, na malengelenge ya mabuti yako nakufunga mimi kila jioni. Radhi siombi."