Chini ya Shali

Saa tatu asubuhi, katika soko la mifugo la Garissa, kokwa ya tende ilitoweka kiganjani mwa Kadar mbele ya mzee aliyekataa kumwoza binti yake.

"Umeona, adeer?" Kadar alimwita ami kwa Kisomali, kwa heshima. "Ni mchezo tu."

"Nimeona sihiri," mzee alisema. "Hoteli za Nairobi zikulipe. Mimi sina binti wa kumpa mchawi."

Kadar alikuwa akila kwa kiini macho miaka tisa, na hakuwahi kumfichulia mtu siri ya mkono wake. Aliunyoosha. "Basi shika mwenyewe."

Mzee alikuwa dalali wa ngamia. Alifanya kama wafanyavyo madalali wote pale wanapotaja bei kwa kubana vidole: aliifunika mikono yao kwa shali, watu wasione, akapapasa polepole. Chini ya kidole gumba aliikuta kokwa, imebanwa kwenye nyama ya kiganja.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Wallahi, wewe si mchawi. Wewe ni mjanja tu, kama sisi madalali."

Kadar alitaka kuutoa mkono. Mzee hakuuachia. Alivikusanya vidole vinne vya Kadar, akavibana kwa nguvu.

"Ngamia," akasema.

Kadar akaelewa kwamba anatajiwa mahari. Akabana viwili vya mzee.

"Kijana, unataka mke ama unataka mbuzi?"

Kadar akaongeza cha tatu, na mzee akautikisa mkono wake kufunga bei.