Gari la Kwenda Kumchukua Mchumba

Bernice alijitupa ndani ya gari likiwa tayari linarudi nyuma kutoka bandani, ndara yake moja ikabaki kwenye kokoto. Mumewe, Wendell, wala hakushtuka. Alinyoosha mkono, akamfungia mlango vizuri, akatia gia.

"Karibu, mama," alimwambia. "Nikufikishe mjini?"

Mama! Na huyo ni mkewe wa ndoa, aliyemzalia na kumzeekea.

Curtis, mwana wao, alikuwa ameficha funguo za magari yote ya nyumbani, hata wa mashine ya kukatia nyasi. Za bandani hakuzigusa. Wenye makusanyo ya magari ya kale wana mwiko wao: ufunguo haung'oki kwenye gari, ili moto ukizuka liweze kusukumwa nje upesi. Wendell mwenyewe ndiye aliyemfunza mwanawe mwiko huo, na mtoto akaushika kama sala. Haya sasa.

Gari lilikuwa la mwaka 1934, kijani iliyokolea, paa lake la turubai limekunjwa nyuma. Wendell alilinunua kwa bei ya chuma chakavu akiwa kijana fundi, matajiri walipokwisha kulichoka. Mengine ya bandani aliyauza, akanunua mengine. Hili hakumuuzia mtu, hata aje na nini.

Mahindi ya Indiana yalikimbia kushoto na kulia. Waliosema ng'ombe hazeeki maini walimwona Wendell kwenye usukani. Alipita alama ya kusimama bila kuitupia jicho, na dereva wa lori la maziwa akampigia honi ya matusi. Bernice alishikilia mlango kwa mikono miwili. Gia za gari hili hakuwahi kuzijua, na simu aliiacha jikoni kando ya unga wa pai.

"Baba Curtis, turudi nyumbani."

"Curtis ndiye nani?"

"Mwanao."

Wendell alicheka. "Mama, mimi hata kuoa sijaoa. Ndiyo kwanza naenda stesheni kumchukua mchumba. Baba yake hanitaki, ati nanuka grisi. Leo atanitafuta kwa tochi."

Bernice aligeuza uso. Mwaka mzima hakuwa amelisikia jina lake kinywani mwa mwanamume huyu. Siku nyingine aliitwa nesi, siku nyingine mwenye nyumba. Kila asubuhi alimpelekea kahawa, akakaa mbele yake, akamtazama machoni, akangoja. Alichokuwa akimwomba Mungu ni kidogo tu: amwite Bernice, mara moja, kisha hata akisahau tena, basi. Iliuma, na haikuzoeleka.

"Akoje, huyo mchumba?" aliuliza, na papo hapo akajuta.

"Akicheka kanisani, mchungaji anapoteza mstari. Juzi tumecheza dansi ghalani kwa akina Stahl mpaka soli ya kiatu chake ikabanduka. Hakujali, akacheza peku. Ana gauni la njano, mama, ukiliona huulizi tena ni nani."

Machozi yalimtoka Bernice. Wendell alimpa leso yake.

"Upepo huo," alisema kwa upole. "Gari la wazi ndivyo lilivyo."

"Turudi, Wendell. Pengine hatakuja."

"Atakuja."

"Na asipokuja?"

"Nitamsubiri."

Bernice alijua kwamba angesubiri. Alijua atakavyovua kofia, akaivaa, akaivua tena, mpaka taa za mji ziwashwe. Alitamani kuushika usukani na kuugeuza, lakini mikono yake ilikuwa ya bibi kizee.

Stesheni ya Harlow siku hizi ni duka la aiskrimu, na reli ziling'olewa zamani. Wendell aliegesha palepale lilipokuwa jukwaa la abiria, akachana nywele zake nyeupe kwenye kioo. Watu walitoka na koni mikononi kulipiga picha gari. Mwanamke mmoja aliwaambia wenzake, wazee hawa jamani, mapenzi hayo.

Bernice angeweza kumwomba huyo simu. Lakini Curtis alishasema: baba akitoroka tena, anapelekwa nyumba ya wazee, na maneno yamekwisha. Kule atazungukwa na wageni watupu, na Bernice atakufa bila kuitwa tena kwa jina lake. Simu hakuiomba.

Kofia ilivuliwa, ikavaliwa. Ikavuliwa tena.

"Wendell, nitazame. Mimi ni nani?"

Alimtazama kwa muda mrefu, kwa heshima, akijitahidi kweli.

"Unisamehe, mama. Sura naijua, jina ndilo linanipotea."

Bernice alimshika mkono, na Wendell akamwachia, kama kijana mwenye adabu anavyomwachia mzee aliyechoka.

"Twende nyumbani," Bernice alisema. "Usijitese hapa. Huyo unayemngoja hakupewa habari kama unakuja."

"Anayo, mama, ondoa shaka." Wendell aliupigapiga mkono wake kumtuliza. "Jana nilimtuma mdogo wake akamwambie. Kale kabinti kaaminifu, hakawezi kuniangusha. Kanaitwa Bernice."