Ngome ya Ntinda

Jiwe la tatu lilianguka juu ya bati saa nne asubuhi, na Ayot akafungua kitabu ukurasa wa themanini na sita.

Alikuwa amekaa sakafuni, kwenye korido isiyo na dirisha. Kitabu alikikuta kando ya kitanda siku aliyobadilisha kufuli, karatasi ya kliniki imechomekwa katikati. Hakuwa mtu wa riwaya. Lakini tangu Ojera afe, usingizi ulikuwa umemkimbia, na ukurasa wa kwanza aliufungua ili tu masikio yake yapate kazi nyingine.

Sasa ilikuwa siku ya tatu, na hakuweza kukiweka chini.

Kilisimulia mambo ya zaidi ya miaka mia iliyopita, juu ya Mastura, mke wa askari wa Kisudani. Wanaume walikwenda vitani wasirudi. Wanawake wakabaki peke yao ndani ya ngome ya udongo, maadui wamewazunguka, njia ya mtoni imekatwa. Mastura aligawa mtama kwa viganja. Aliwachekesha waliolia. Katikati ya njaa ile aliozesha binti wa jirani, sufuria ikapigwa kama ngoma, na watu wakacheza mpaka maadui huko nje wakashangaa.

Hapo Ayot alikuwa amecheka kwa sauti. Mara ya kwanza tangu msiba.

"Wifi! Fungua!" Ilikuwa sauti ya Lamwaka, getini. "Tuongee kama watu."

"Sina la kuongea na wewe!"

"Unanifanyia hivi kweli, wifi? Mimi?"

"Usiku ule Ojera anakata roho, nilikuwa naye wodini peke yangu! Wewe ulikuwa wapi?"

Ngumi moja iligonga geti. Kisha Lamwaka akasema, "Unajua nilikuwa wapi."

Juu ya ukuta wake, jirani aitwaye Teresa akadakia kwa kelele ili mtaa mzima wa Ntinda usikie. "Huyo nyabo, mama mzima, hana haya! Udongo wa kaburi haujakauka, ameshaanza vita! Leo utatoka humo, mchawi wewe!"

Jiwe la nne.

Ayot aliziba masikio kwa viganja. Alijua wangekuja. Ndiyo maana kule Kitgum aliondoka msibani kabla sufuria hazijaoshwa, akapanda basi la kwanza ili aiwahi nyumba. Tena walikuwa wamekuja hata na watoto, wamewapanga juani nje ya geti, ili majirani wamwone yeye ndiye mbaya.

Jana walimfungia maji kwenye mita. Akakumbuka viganja vya mtama, akayapima maji ya jerikeni kwa kikombe, na ajabu ni kwamba hakuogopa. Alikwenda jikoni kuchemsha chai, akavuta droo tatu kabla ya kupata kiberiti, akarudi koridoni na kitabu chake.

Nani alisimama juani na mafundi wa nyumba hii, Ojera akiwa Somalia na jeshi? Ni yeye, Ayot. Alilala kwenye kibanda cha simenti kulinda mabati yasiibwe. Lamwaka hakubeba hata ndoo moja ya mchanga. Leo ndiye anayepiga geti kwa ngumi.

Katika ukurasa wa mia na nne, maadui walimtumia Mastura mjumbe wa maneno matamu. Mastura alifunga kitambaa chake vizuri, akapanda ukutani, akawajibu bila kutetemeka. Ayot aliusoma ukurasa huo mara mbili. Alipoumaliza alihisi kifua kimefunguka, kana kwamba mtu amemwondolea gunia mgongoni.

Na geti likagongwa tena, safari hii taratibu.

"Mama, mimi ni Wahabi, mwenyekiti wa mtaa. Niko na afande hapa. Hawa vijana wa mawe nimeshawafukuza. Fungua hata kidirisha tu, tuonane uso kwa uso."

Ayot aliinuka. Alifunga kitambaa cheusi kichwani, akakikaza. Alivuka ua kwa hatua za polepole, mgongo wima, akasogeza kidirisha cha geti.

Aliona kofia ya mzee Wahabi, na nyuma yake askari mmoja aliyechoka na jua. Teresa alikuwa amekaa juu ya ukuta wake, mkono kiunoni.

"Mama," mwenyekiti alisema, "unakataa huyu mwenzako aingie?"

"Nakataa. Nyumba hii nimeilinda tangu ikiwa msingi. Ojera hakuniacha nifukuzwe kama kuku. Mkitaka kunitoa, mnitoe maiti."

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mwenyekiti akamtazama askari, askari akatazama chini.

Ndipo Lamwaka aliposogea mbele. Macho yalikuwa yamevimba, midomo imekauka. Wavulana wawili wenye sare za shule zilizochafuka walishikilia sketi yake. Kifuani alikuwa amefunga shuka, akaifungua polepole mbele ya kidirisha. Ndani yake alilala mtoto mchanga, ngumi zimekunjwa.

"Usiku ule kaka yako anakata roho, mimi nilikuwa namzaa huyu," alisema. "Sitaki ugomvi, wifi. Nataka tu watoto walale kwenye kitanda cha baba yao."

Ayot alimtazama mtoto. Paji lilikuwa la Ojera, lile lile.

Akarudisha kidirisha, akakaza komeo kwa mikono yote miwili.